Nguzo ya Upenuni

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Kwedizinga

Vitabu vimekwisha. Masanduku mawili ya chai na kikapu kimoja. Vizito chini, vyepesi juu, majani makavu ya mwarobaini katikati, maana mende hula gundi ya kitabu kabla hawajagusa karatasi. Nimewaeleza watu jambo hili miaka arobaini na bado wanapanga vitabu kama kuni.

Utaratibu wa kuhama nimeubandika nyuma ya mlango. Nyumba haihami kwa mkupuo mmoja. Kwanza magunia ya mahindi na kunde. Kisha mama mwenye nyumba na moto wake. Mwisho vyombo, mabati, milango na nguzo. Nguzo zetu ni za mpingo. Mchwa wamezijaribu tangu nijenge na wameshindwa. Siziachi.

Kwetu mwanamke hutangulia na kaa la moto kutoka jiko la zamani, akawashe jiko jipya. Mwanamume akitangulia, husemwa nyumba haishiki joto. Siamini. Lakini nimeuandika katika utaratibu.

Sababu za kuhama nimezitaja barazani. Kisima kimekauka mwaka wa tatu mfululizo. Macho ya Mama Zuhura yanafifia na Korogwe kuna daktari. Binti yetu Zuhura yuko huko, mumewe ni fundi cherehani. Sababu tatu, zote za kweli.

Ya nne sijaitaja.

Jumanne, 7 Agosti

Dada Mwanahawa amekataa kuhama.

Ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Akili yake siku hizi huja na kuondoka. Kila adhuhuri huchukua kigoda chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba, upenuni, karibu na nguzo ya pembeni, mpaka alasiri. Hazungumzi. Hafanyi kazi. Anakaa tu.

Nimemweleza polepole. Korogwe kuna maji ya bomba. Chumba chake kina dirisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye atabaki na nani?"

Nadhani alikuwa na maana ya baba yetu, aliyefia ndani ya nyumba hii. Nikamwambia marehemu hahitaji mtu wa kukaa naye. Akanitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi.

Jumatano, 8 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Mabati yanalia.

Kuku wanachakura uwanja mzima isipokuwa pale upenuni. Wakifika karibu na nguzo huzunguka. Hili ni la siku zote. Maelezo yake ni rahisi: Mama Zuhura humwaga jivu pale, na kuku hawapendi jivu.

Alhamisi, 9 Agosti

Mama Zuhura alikuwa akichambua kunde. Bila kuinua uso akasema, "Mtoto simwachi."

Inanibidi nieleze, hata kama ninajieleza mwenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Hamisi. Mwaka 1920, akiwa na miezi saba, alikufa kwa homa. Ndivyo Mama Zuhura ajuavyo. Zamani kwetu mtoto mchanga hakupelekwa makaburini. Alizikwa upenuni, nyuma ya nyumba ya mama yake, ili tumbo la mama lisisahau njia. Siyo sheria ya dini. Ni mazoea ya wazee, na wazee walikuwa wengi kuliko mashehe. Hamisi yuko pale karibu na nguzo. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja mama yake amepafagia na kumwagia maji kidogo.

Anataka afukuliwe. Ahamishwe pamoja nasi, azikwe upenuni mwa nyumba mpya.

Nikamwambia dini haipendi kaburi lifukuliwe ovyo.

"Na dini ilikuwa wapi mlipomzika upenuni?"

Nikaenda kuhesabu misumari.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimeswali Ijumaa na sikusikia hotuba.

Nitaandika sababu ya nne. Nikiiandika labda itanyamaza.

Kaburi lile ni tupu.

Hamisi alikuwa kigego. Aliota meno ya juu kwanza. Wazee waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huwamaliza ndugu zake mmoja mmoja, na walikuwa na namna ya kumwondoa ambayo sitaiandika. Serikali ya Mdachi iliikataza, ya Mwingereza ikaikataza tena. Mimi niliyejua herufi nilikuwa karani wa boma. Sikuyaamini ya meno. Nilicheka. Nikamwambia mjomba wetu, mkubwa wa ukoo, kwamba meno ni mifupa na mfupa haujui uchawi. Kisha nikasafiri na barua za boma kwenda Handeni, siku tano, nikamwacha mtoto na mama yake aliyekuwa na homa kali asiyejua mchana wala usiku.

Niliporudi kulikuwa na kijilima cha udongo upenuni. Mbele ya watu Dada Mwanahawa alisema homa. Kisha akanivuta nyuma ya ghala akaninong'oneza. Pale amezikwa mgomba uliofungwa kitambaa. Mtoto amempa Mnyamwezi mmoja na mkewe, wasio na mtoto, waliokuwa wakipita kwenda kufanya kazi katika mkonge huko Kerenge. Wanyamwezi hao hawakujua habari ya meno. Mjomba anadhani mambo yamekwisha. "Ukinyamaza," alisema, "mtoto anaishi."

Nikanyamaza. Mama yake alipopata nafuu nikamwonyesha kijilima. Nikasema homa.

Sikuwahi kumtafuta Kerenge. Kwanza nilimwogopa mjomba. Mjomba akafa. Kisha nikaogopa kwamba nitamkuta, na itanibidi nirudi nyumbani nimwambie mama yake kwa nini nilinyamaza. Kila mwaka ulilifanya neno kuwa zito zaidi.

Kerenge iko upande wa Korogwe. Hiyo ndiyo sababu ya nne.

Jumatatu, 13 Agosti

Nilikuwa Korogwe kwa siku mbili kuikagua nyumba. Vyumba vitatu na ua. Kuta zimenyooka, sakafu imepigwa vizuri, paa halijaezekwa, linangoja mabati yetu. Nyuma kuna upenu mpana. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, walikuwa sokoni. Niliwatazama kama nifanyavyo kila nikienda Korogwe. Mtu wa miaka thelathini na mmoja. Natafuta paji la uso la Mama Zuhura, masikio yangu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, nina deni lako?" Wenzake wakacheka. Nikaomba radhi.

Bwana Walji, mwenye duka na lori, anasema gari litakuja Kwedizinga tarehe 21 na tarehe 28.

Alhamisi, 16 Agosti

Mama Zuhura amenunua bafta. Ameishona kwa mkono, kwa kupapasa, maana haoni uzi. Sanda ndogo kama mto wa kulalia. Ameikunja juu ya sanduku la nguo. Kila nikipita ipo.

Amekwisha kuzungumza na Fundi Mhina, atakayebomoa nyumba. Jumamosi atakuja na jembe. Hakunishauri. Alinipa habari.

Dada Mwanahawa hajatoka upenuni leo hata kula. Alipelekewa ugali pale pale. Alikula nusu, nusu akaiacha juu ya jani, chini, karibu na nguzo.

Nimeona. Nimeandika. Sielezi.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimesema.

Fundi Mhina alifika saa moja asubuhi. Nilimrudisha, nikamwambia jembe halitahitajika. Nikamketisha Mama Zuhura chumbani na kumweleza yote kwa mpangilio, kama somo. Meno. Mjomba. Mgomba. Mnyamwezi. Kerenge. Sauti yangu ilikuwa ya darasani. Naichukia.

Aliuliza jambo moja.

"Na shanga zake?"

Alimtungia mwenyewe shanga za kiunoni, na kauri moja ndogo katikati. Nikasema alikwenda nazo. Ndivyo dada alivyoniambia.

Akatoka. Akachukua ufagio. Akaenda upenuni, akasimama, akaurudisha ufagio bila kufagia.

Jumapili, 19 Agosti

Hajanisemesha. Amenipakulia chakula, ameniwekea maji ya kuoga. Kila kitu kama kawaida ila sauti. Nyumba nzima inasikiliza.

Magharibi akaja kusimama mlangoni.

"Ulinilaza na kaburi la mgomba miaka thelathini na mmoja."

Nikasema ndiyo.

"Wewe si mtu mbaya, Baba Zuhura. Ingekuwa nafuu."

Kisha akauliza kutoka Korogwe mpaka Kerenge ni mwendo gani.

Jumanne, 21 Agosti

Amekwenda na moto.

Kaa alilitia katika chungu cha majivu, akakifunika, akakipakata. Unga, chumvi na maji kando yake, ndivyo desturi. Dereva wa Bwana Walji ni Mshambaa mcheshi, anaitwa Ramadhani. Alipoona masanduku ya vitabu alisema, "Mgosi, unahama au unahamisha shule?" Mama Zuhura akacheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka vile. Amekwenda kama bibi harusi. Atalala kwa Zuhura mpaka mabati yafike.

Sanda ameiacha. Iko juu ya sanduku. Haihitajiki tena.

Tumebaki wawili, mimi na Dada Mwanahawa. Jiko limezimwa, tunapikia nje. Nyumba isiyo na moto ina sauti nyingine. Udongo unapasuka taratibu. Mara mbili nimegeuka nikidhani kuna mtu aliyevuta pumzi.

Ijumaa, 24 Agosti

Ramadhani alipita akielekea Handeni na mzigo wa duka. Alishuka, akasimama wima kama askari.

"Mzee, mama amenituma, bila kuongeza wala kupunguza. Amesema: 'Nimempata. Haongei, anakula tu, kama baba yake.'"

Nilikaa chini.

Alipata pia habari nyingine kutoka kwa Zuhura, aliyemshika mama yake mkono mpaka Kerenge. Mtu huyo anaitwa Juma. Ni mkata mkonge Kerenge. Alilelewa na wazee wa Kinyamwezi waliomwambia kabla ya kufa kwamba hawakumzaa. Umri wake haujui, lakini ni karibu ule ule. Shanga hana. Anasema hakumbuki shanga.

Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Nimelia, na sina haya kuandika.

Nikaenda kumwambia Dada Mwanahawa. Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. "Dada, mtoto amepatikana. Yule wa Kerenge. Ulimwokoa na ameonekana."

Akashika nguzo kwa mikono miwili.

Nikadhani ni furaha.

Jumapili, 26 Agosti

Fundi Mhina alishusha mabati jana. Leo alikuwa kwenye nguzo. Nguzo tano za mbele na za kando zilitoka vizuri. Ya upenuni ilikataa. Akachimba pembeni ili aitikise. Mimi nilikuwa uwanjani nafunga mabati kwa kamba. Nikasikia jembe limesimama. Fundi mzuri hasimamishi jembe katikati ya pigo.

"Mwalimu," akaita. "Njoo. Njoo peke yako."

Si mgomba. Mgomba haubaki miaka yote hiyo. Huoza, haubakizi kitu. Nilijua hivyo siku zote, na kwa sababu hiyo sikuogopa jembe lenyewe. Niliogopa maswali tu.

Mifupa midogo. Udongo wetu ni mkavu, unatunza. Na chini yake, zikiwa bado katika duara ingawa uzi umekwisha, shanga. Nyeupe, na za buluu, na kauri moja.

Fundi Mhina alivua kofia. Akaniambia ataenda kunywa maji. Alikaa huko mpaka nilipomwita. Mungu amlipe.

Niliitoa yote kwa mkono. Sikutumia chombo. Kichwa kinaenea katika kiganja. Sanda ilikuwa pale pale juu ya sanduku, imeshonwa, kipimo chake sawasawa. Nilimfunga. Sikuwa na jeneza. Nilikuwa na kasha la chaki nililopewa siku nilipoacha kufundisha. Limetosha.

Jumatatu, 27 Agosti

Asubuhi dada alikuwa na akili yake yote. Nilijua kwa namna alivyojitanda kanga.

Nikamwuliza. Akajibu bila kukwepa.

"Mjomba alimshika. Mimi nilimfunika. Hakuna Mnyamwezi."

"Kwa nini uliniambia yupo?"

"Wewe ulikuwa mtu wa kuandika. Ungetuandika. Mjomba angenyongwa, na mimi. Nikakupa la kukunyamazisha. Ulilitaka, mdogo wangu. Ulilipokea upesi."

Ni kweli. Nililipokea upesi. Mwanafunzi angenipa jibu la namna ile, bila hesabu yake pembeni, ningemrudisha ubaoni. Mnyamwezi gani? Jina lake nani? Sikuuliza hata moja. Na mgomba: mtu atamfichaje mtoto na kuzika mgomba badala yake, huku mjomba amesimama pale pale akitazama? Uongo ule ulikuwa na tundu kila mahali na mimi nilitazama kando.

Akasema amekaa naye kila adhuhuri kwa sababu ilitendeka adhuhuri.

Sikuuliza zaidi. Sikumpiga. Sikumsamehe. Nilimletea uji.

Sasa huko Korogwe mke wangu analisha mtu asiye wetu. Na mimi ndiye niliyemtajia Kerenge. Nilinyamaza pale nilipopaswa kusema, nikasema pale nilipopaswa kunyamaza.

Jumanne, 28 Agosti. Korogwe

Lori lilifika saa tatu. Mabati, milango, nguzo sita. Nilidhani dada atabebwa kwa nguvu. Aliponiona natoka na kasha la chaki aliinuka mwenyewe, akanyoosha mikono, akalipokea.

"Sasa twende," akasema.

Ramadhani akampandisha mbele. "Bibi, ukikaa na mimi hapa watu watasema nimeoa."

"Ungepata mke wa kukufundisha kukwepa mashimo."

Njia nzima alilipakata kasha. Gari liliporuka, alilikinga kwa kiwiko. Tulivuka daraja la mto jua likiwa bado juu. Nilijisomea maneno nitakayosema. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio.

Mama Zuhura alikuwa uani. Jiko limewaka. Alikuwa anacheka na mtu.

Juma ni mfupi, mpana wa mabega, mikono imechanjwa na miiba ya mkonge. Alisimama upesi. "Shikamoo, mzee." Alianza kushusha mabati bila kuambiwa.

"Mtazame masikio," Mama Zuhura aliniambia. Yeye haoni vizuri. Ameyapapasa. "Si yako hayo?"

Niliyatazama. Si yangu.

Nikanyamaza. Tena.

Dada amekaa pembeni ya ua, kasha mapajani. Hampi mtu.

Jumatano, 29 Agosti

Nilimwambia baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa nimetayarisha maelezo, nikayaacha. Nilichukua mkono wake nikaziweka shanga kiganjani.

Vidole vyake vinaona kuliko macho yake. Alizigusa moja moja. Alipofika kwenye kauri alisimama.

"Zilikuwa wapi?"

"Chini ya nguzo."

"Pamoja naye?"

"Pamoja naye."

Hakulia. Alikaa chini sakafuni, akazimwaga kwenye kanga, akaanza kuzipanga kama zilivyokuwa, nyeupe tatu, buluu moja, bila kukosea. Nikamweleza ya mjomba. Nikamweleza ya dada. Nilitaka kusema na yangu, akainua mkono. Yangu anayajua.

Uani Juma alikuwa anapasua kuni.

Nikasema, "Yule si wetu, Mama Zuhura."

"Nasikia." Akaendelea kupanga. "Yule wa kwenye kasha nilimzaa. Huyu amekuja mwenyewe."

Kisha akasema, "Kamwambie. Kwa mdomo wako. Mimi ulininyamazia miaka thelathini na mmoja. Usimnyamazie na huyu."

Nilikwenda. Nimesomesha watu wazima na watoto, nimesimama mbele ya Bwana Shauri wa serikali, sijawahi kuwa na ulimi mzito kama ule. Nilimwambia kwamba tumekosea. Kwamba kosa ni langu. Kwamba mtoto wetu tumempata kwingine, na hayupo hai. Alikuwa ameshika shoka. Aliliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtu.

"Sasa nirudi Kerenge, mzee?"

Kutoka jikoni sauti ya Mama Zuhura ikaja.

"Uji unapoa."

Alisimama kidogo. Akaniangalia kama anaomba ruhusa. Nikasogea kumpisha mlango.

Alasiri tulimzika Hamisi. Nilitaka makaburini, na shehe pia alitaka. Mama Zuhura alikataa. "Amezoea sauti zetu." Juma ndiye aliyechimba. Upenuni, pembeni, kisha tukasimika ile nguzo ya mpingo mahali pake. Dada Mwanahawa alilitoa kasha mwenyewe. Mama Zuhura alilipokea kutoka mikononi mwake. Mikono yao ilikaa pamoja juu ya kasha kwa muda nisioweza kuukadiria, kisha wifi mmoja akaachia.

Shanga hazikuzikwa. Mama Zuhura amezifunga pembeni mwa kanga.

Ijumaa, 7 Septemba

Vitabu vimepangwa. Kimoja kimeliwa pembeni, mwarobaini haukufika. Mabati hayavuji, lakini mvua bado.

Juma alirudi Kerenge kazini. Leo, siku ya mapumziko yake, amekuja na machungwa katika kikapu. Amekula, hakuongea, ameondoka. Amesema atakuja Ijumaa nyingine kutengeneza mlango wa ua.

Mama Zuhura amemwona daktari. Macho hayatarudi. Yaliyobaki yatakaa.

Adhuhuri dada alichukua kigoda chake akaenda upenuni. Nilimwacha kidogo, kisha nikachukua changu. Tulikaa wawili.

Zuhura ametuletea kuku wanne, wageni kabisa, wa sokoni. Wamefunguliwa leo mara ya kwanza. Wamechakura ua wote. Wamefika karibu na nguzo, wakazunguka.

Jivu halijamwagwa hapa. Sina maelezo.